Bustani za Japani Huonwa kwa Kukaa

Ratiba nyingi za Kyoto humpitisha mgeni mahekalu matano au sita kwa siku moja. Ukitaka kuhesabu mapaa, sawa. Kwa bustani ni hasara tupu. Bustani ya Kijapani imetengenezwa itazamwe kutoka mahali fulani na kwa mwendo fulani, na fundi wake alishaamua zamani wapi utasimama, wapi utainama na wapi utakaa kitako. Ukiipita mbio umelipia kiingilio cha kitu ambacho hukukiona. Kwa hiyo anza hivi: bustani mbili kwa siku, moja asubuhi na moja alasiri, basi. Katikati kula, tembea mtaani, panda treni ovyo. Macho nayo huchoka.

Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na hilo.

Uende lini

Kila mtu atakuambia uende kuangalia maua ya sakura, ambayo Kyoto na Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, au majani mekundu ya vuli, katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Hawakudanganyi; ni misimu mizuri kweli. Lakini vyumba hupanda bei, mabasi ya Kyoto hujaa hadi mlangoni, na kwenye baraza la hekalu utakaa bega kwa bega na mtu mwingine. Epuka kabisa wiki ya sikukuu inayoanza mwishoni mwa Aprili hadi siku za kwanza za Mei, wakati Wajapani wenyewe wanasafiri.

Ningeulizwa mimi, ningesema Juni. Mvua za mwanzo wa kiangazi huanza Kyoto mapema mwezi huo na kuendelea hadi katikati ya Julai au zaidi kidogo. Ni mvua ya manyunyu zaidi kuliko ya gharika, na ndiyo inayolisha ule ukijani mfupi laini unaotanda juu ya mawe na ardhi yenye unyevu. Katika bustani nyingi za Kyoto ukijani huo ndio zulia lenyewe, nao ukilowa hung'aa hadi unashangaa kwamba wakati wa jua uliuona wa kawaida. Watu ni wachache. Mwavuli wa plastiki angavu unauzwa kila duka dogo la saa 24, na kila hekalu lina mahali pa kuuacha mlangoni.

Julai ikiisha na Agosti, fikiri mara mbili. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa atasema joto ameshalizoea. Joto la Kyoto ni jingine: mji umezungukwa na vilima pande tatu, hakuna upepo wa bahari, nyuzi hupita 35 na hewa haisogei. Mbu wa mianzini pia wana bidii sana msimu huo. Malaria si tatizo la Japani, lakini dawa ya kujipaka beba.

Wakati wa baridi una wapenzi wake. Kanazawa, upande wa Bahari ya Japani, theluji huwa nzito na yenye maji, hivyo kuanzia tarehe 1 Novemba wafanyakazi wa bustani ya Kenroku-en hupanda kwenye misonobari na kufunga kamba kutoka kileleni mwa nguzo hadi kila tawi, ili matawi yasivunjike. Kazi hiyo ilibuniwa kwa ajili ya uzito wa theluji, lakini misonobari iliyofungwa imekuwa kivutio hata siku ambayo theluji haijaanguka. Kutoka Tokyo ni takriban saa mbili na nusu kwa treni ya kasi ya shinkansen.

Makaratasi na saa

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kabla ya kusafiri, na ubalozi hutaka kuona ratiba na uwezo wako wa fedha, kwa hiyo anza mapema. Njia za kawaida hupitia Dubai, Doha au Addis Ababa. Ukipata ndege ya kushukia Osaka, uwanja wa Kansai uko karibu na Kyoto kuliko viwanja vya Tokyo.

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, na hapo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna bahati ndogo ya kuchekesha: tarakimu unayoisoma kwenye saa ya stesheni ya Kyoto ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani dakika hiyohiyo. Inapoonyesha 9:00 ya asubuhi, Dar es Salaam ni saa tisa usiku. Inapoonyesha 4:00 ya jioni, nyumbani ni saa nne asubuhi, wakati mzuri wa kumpigia mama simu. Upande wa pili wa bahati hiyo ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi ya Kyoto, ambayo nitakusisitizia hapa chini kwa ajili ya mianzi, mwili wako utaiona kuwa ni saa sita ya usiku. Usipange alfajiri hiyo siku ya kwanza. Ila ukijikuta uko macho tangu usiku wa manane, na huenda ukajikuta hivyo, usigaegae kitandani: vaa viatu uende.

Kitu kimoja zaidi kabla hujaondoka nyumbani. Bustani nyingi unafika tu na kulipa mlangoni, lakini chache zinataka nafasi iliyowekwa mapema. Saiho-ji, hekalu la Kyoto linalojulikana kwa ukijani wake wa aina zaidi ya mia moja, lilifunga mlango wa kuingia ovyo mwaka 1977 kwa sababu miguu ya wageni ilikuwa inaua kile walichokuja kukiona. Siku hizi unaomba nafasi, unalipa yen elfu kadhaa, na kabla ya kuingia bustanini unaweza kuketishwa unakili maandiko ya Kibudha kwa brashi. Ni ghali kuliko pengine popote, na ni halali yao. Kasri la Katsura nalo liko chini ya idara ya nyumba ya kifalme. Wageni huingizwa kwa makundi, pamoja na mwongozaji, na mwendo ni wake si wako.

Namna ya kuisoma bustani

Ukishapita lango, jiulize kwanza bustani hii inataka miguu au makalio.

Zile za miguu ni kubwa, zina bwawa katikati na njia inayolizunguka. Nyingi zilikuwa za watawala na matajiri wa enzi za samurai. Rikugien ya Tokyo, iliyokamilika mwaka 1702, ni mfano mzuri na wa bei nafuu: yen 300, na nusu yake kwa mwenye miaka 65 na kuendelea. Ukitembea humo angalia jinsi bwawa linavyojificha. Njia hupinda nyuma ya kilima, unalipoteza, kisha linarudi upande usioutarajia likiwa na kisiwa ambacho hukukiona. Ukilizunguka kwa kasi ya kwenda kazini ufundi wote huo unageuka vichaka tu.

Mtu wa pwani ningemtuma Hama-rikyu, nayo iko Tokyo. Bwawa lake ni la maji ya chumvi, limeungwa na ghuba ya Tokyo kwa mlango wa kudhibiti maji, na hujaa na kupwa pamoja na bahari. Samaki wake ni wa baharini. Nyuma ya misonobari yamesimama maghorofa ya vioo. Wapo wanaolalamika kwamba yameharibu mandhari, mimi nayapenda hapohapo yalipo. Kuna nyumba ya chai juu ya maji, na kutoka humo unaweza kupima kwa macho mstari wa maji kwenye mawe na kujua bahari inakwenda au inakuja.

Bustani za makalio ni zile za mahekalu ya Zen: changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki, mawe, pengine ukijani kidogo, na baraza la mbao la kukalia. Huingii ndani. Maarufu kuliko zote ni ya Ryoan-ji, Kyoto, yenye mawe 15 katika mafungu matano, yaliyopangwa hivi kwamba popote ukae kwenye baraza, walau jiwe moja litafichwa na jingine. Nani aliyapanga, hakuna anayejua kwa uhakika. Wageni wengi huketi, huhesabu hadi 14, hucheka, hupiga picha, huondoka. Wewe maliza kuhesabu kisha endelea kukaa. Baada ya dakika kumi utaacha kuyatazama mawe na kuanza kuuona ukuta wa udongo nyuma yake, wenye madoa ya kahawia kwa sababu udongo wake ulichanganywa na mafuta, nayo yamekuwa yakichuja miaka na miaka. Ukuta huo kwangu ni nusu ya bustani. Nenda mlango unapofunguliwa. Ukifika saa tano asubuhi utakuta makundi ya shule na mtu wa kipaza sauti akieleza mambo.

Usidhani pia kwamba kila bustani ya mawe ni ya kale. Ile ya Tofuku-ji, kusini mwa Kyoto, iliundwa mwaka 1939 na Shigemori Mirei, na upande wake wa kaskazini una miraba ya ukijani na ya mawe yaliyotolewa kwenye njia ya zamani ya hekalu, ikipangwa kama ubao wa dama ambao unafifia kadiri unavyoenda pembeni hadi miraba inapotea. Watu hufurika hapo wakati wa majani mekundu kwa ajili ya daraja lake. Nenda mwezi mwingine.

Aina ya tatu ni ndogo na ndiyo rahisi kuikosa: kijia cha kuelekea nyumba ya chai. Hapo tazama miguu yako. Mawe ya kukanyagia yamewekwa madogo na kwa nafasi zisizolingana, makusudi, ili ulazimike kuangalia chini na kupunguza mwendo. Ukifika kwenye jiwe pana la kutosha kusimamisha miguu yote miwili, inua macho. Karibu kila mara kuna kitu hapo: taa ya mawe, mlango mdogo, tawi moja lililoachwa lining'inie juu ya maji. Na ukikuta juu ya jiwe la njia kumewekwa jiwe jingine la ukubwa wa ngumi mbili, limefungwa kwa kamba nyeusi iliyokatiza msalaba na fundo juu, huo ni mlango uliofungwa. Hakuna kibao, hakuna askari, na mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuliruka. Huliruki. Unageuka na kufuata tawi jingine la njia.

Mianzi

Njia ya mianzi ya Arashiyama, magharibi mwa Kyoto, ni ya bure na haina lango, na hayo mawili ndiyo raha yake na ndiyo shida yake. Sehemu iliyo maarufu haifiki nusu kilomita. Ukifika saa nne asubuhi utatembea katika foleni, ukipishana na riksho zinazovutwa na vijana na wasichana waliokodi kimono, na picha yako itakuwa ya visogo. Nenda saa kumi na mbili. Treni ya JR kutoka stesheni kuu ya Kyoto hadi Saga-Arashiyama huchukua kama robo saa, ila kwa alfajiri ya namna hiyo ni bora ulale Arashiyama yenyewe usiku uliotangulia.

Ukiwa peke yako, simama. Mwaka 1996 serikali ya Japani ilitoa orodha ya sauti 100 za nchi zinazostahili kuhifadhiwa, na mianzi ya Kyoto imo. Upepo ukipita juu majani huchakarisha. Baadaye kidogo mashina yenyewe hugongana, kwa sauti kavu ya chini. Sogea kwenye uzio uangalie shina lililo karibu bila kuligusa. La mwaka huu ni la kijani kibichi, na chini ya kila fundo lina pete ya ungaunga mweupe. La zamani pete imekuwa ya kijivu na ngozi inaelekea manjano. Unene utakaouona ndio ule ambao shina lilitokea nao ardhini, maana mwanzi haunenepi: chipukizi hutoka na upana wake kamili, hupanda hadi urefu wake wote kwa wiki chache tu, na katika siku zake bora linaweza kupanda karibu mita moja kwa siku. Chini, mizizi imeungana na kutambaa, hivyo mashina mengi unayoyahesabu ni mmea mmoja.

Usichore jina lako. Ningedhani si jambo la kuandikiwa mtu mzima, lakini mashina kadhaa ya Arashiyama yamejaa herufi za mataifa mbalimbali, na kovu la mwanzi haliponi. Shina hilo hubaki nalo hadi likatwe.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba msitu huo nao ni bustani. Mianzi ikiachwa hujifunga hata mbwa asipite, na vilima vingi vya Japani vina mianzi iliyotelekezwa na inayovamia misitu ya jirani. Pale inapotunzwa, mashina yaliyozeeka hukatwa kila mwaka ili mwanga ufike chini. Kipimo cha wazee ni kwamba mtu aweze kupita katikati akiwa na mwavuli uliokunjuliwa. Mwanga ule wa kijani unaoupiga picha ni kazi ya msumeno.

Saa mbili na nusu asubuhi (8:30 kwenye kibao) hekalu la Tenryu-ji hufungua bustani yake, na lango lake la kaskazini linatokea moja kwa moja kwenye mianzi. Usikubali kuliacha. Hekalu lilianzishwa mwaka 1339, na bwawa linahusishwa na mtawa Muso Soseki. Majengo yameungua mara nyingi na kujengwa upya. Bwawa na mawe yake vimebaki. Kaa mbele ya jengo kuu, utazame maji, kisha mawe ya maporomoko makavu ng'ambo, kisha vilima vya Arashiyama nyuma. Vilima hivyo si mali ya hekalu. Vimeazimwa: miti ya mpakani imepunguzwa na kupandwa kwa hesabu ili jicho lisione mwisho wa bustani, liteleze hadi mlimani. Ukishaijua hila hiyo utaikuta kila mahali Japani.

Ukitoka upande wa juu wa njia ya mianzi kuna Okochi Sanso, makazi ya mwigizaji wa filamu za samurai Okochi Denjiro, aliyetumia kipato chake kwa miaka mingi kuijenga bustani hii ya kilimani. Kiingilio ni kikubwa kidogo kuliko cha mahekalu, ndiyo maana foleni haipandi huko, nacho kina bakuli la chai ya matcha ndani yake. Kwa fedha hiyo ni nafuu.

Kama huendi Kyoto, au kama Arashiyama imekukera, Kamakura iko kama saa moja kwa treni kutoka Tokyo. Panda basi kutoka stesheni hadi kituo cha Jomyoji, utembee dakika chache hadi hekalu la Hokoku-ji. Mianzi yake ni kama 2,000, eneo si kubwa, lakini nyuma kabisa kuna kibanda ambapo unakaa umeielekea mianzi na kuletewa matcha pamoja na kitamutamu kidogo. Nunua tiketi ya chai palepale unapolipa kiingilio, na ufike mapema, kwa sababu chai husimamishwa kabla hekalu halijafungwa saa kumi. Kula utamu kwanza, ndipo chai, maana ni chungu na haiwekwi sukari. Hakuna atakayekuinua. Kwa maoni yangu mianzi hii inaishinda ya Arashiyama kwa sababu imepewa kiti.

Mwenye siku ya ziada Kyoto atafute Njia ya Mianzi ya mji wa Muko, kusini magharibi, ambako watu wa mitaa hutembeza mbwa na nyua za mianzi zimesukwa kwa mitindo mbalimbali kando ya barabara. Au avuke hadi Yawata, penye hekalu la Iwashimizu Hachimangu na mnara wa kumkumbuka Thomas Edison: katika miaka ya 1880 nyuzi za taa zake za umeme zilitengenezwa kwa mwanzi wa sehemu hizo, baada ya wajumbe wake kuutafuta duniani kote uzi utakaowaka muda mrefu.

Aprili una nyongeza ya mezani. Msomaji wa Iringa au Njombe anayeujua mwanzi kwa ulanzi atafurahi kuona kwamba wakulima wa Kyoto nao hulivizia chipukizi: hulichimba kwa jembe refu jembamba kabla ncha haijatokeza juu ya ardhi, likiwa bado jeupe na tamu, na kulipika na wali. Ukiuona wali huo kwenye orodha ya mkahawa msimu huo, agiza.

Miguu, mfuko na simu

Kuvua viatu mlangoni hakutampa shida aliyelelewa kwa kukalia mkeka. Shida ni kuvivua mara nane kwa siku. Vaa vya kuchomoa bila kufungua kamba, na soksi zisizo na tundu, nene ikiwa ni majira ya baridi, kwa sababu sakafu za mahekalu huwa za barafu. Slipa utakazopewa ni za sakafu ya mbao tu. Ukifika kwenye chumba cha mikeka ya tatami zivue. Chooni kuna slipa nyingine za mlemle, na kutoka nazo hadi kwenye baraza ni aibu ambayo kila mgeni huifanya mara moja.

Beba keshi. Kadi ya treni na mabasi hurahisisha safari, lakini vibanda vingi vya tiketi za mahekalu bado hutaka noti na sarafu. Kwa kawaida kiingilio ni kati ya yen mia chache na elfu moja, na huenda jengo likawa na tiketi yake mbali na bustani. Saa ya mwisho ya kuingia hutangulia saa ya kufunga, mara nyingi kwa nusu saa, na hawakopeshi dakika. Mapipa ya taka ni adimu. Weka mfuko begini.

Stendi za kamera zimekatazwa karibu kila mahali, na kuna mahekalu ambayo huruhusu picha za bustani lakini si za ndani ya chumba, kwa hiyo angalia vibao. Usitoke nje ya njia kwa ajili ya pembe nzuri zaidi. Alama moja ya kisigino kwenye ukijani huchukua muda mrefu kufutika, na atakayeifuta ni mzee aliyepiga magoti hapo na kibano akitoa magugu jani kwa jani. Utawaona wengi. Mtunza misonobari yuko juu ya ngazi na mkasi mdogo, viatu vyake vimegawanyika dole gumba mbali na vidole vingine ili kushika tawi, akichambua sindano za mti mmoja toka asubuhi. Kumtazama ni bure, na ni somo zuri kuliko mengi yaliyo kwenye vipeperushi. Usimsemeshe tu akiwa juu.

Mwislamu, au yeyote asiyekula nyama, aulizie chakula cha watawa cha mboga, tofu na nafaka. Ndani ya Tenryu-ji kuna mkahawa wake, Shigetsu. Hakina nyama wala samaki, ila uulize kuhusu mvinyo wa mchele unaotumika kama kiungo.

Wazee na watoto wanastahili neno lao. Changarawe ni adui wa kiti cha magurudumu, na mabaraza ya mahekalu yana vidato virefu. Kama unasafiri na mzazi ambaye magoti yanamsumbua, Jumba la Sanaa la Adachi, mkoani Shimane, ni la kwake: lilifunguliwa mwaka 1970, bustani yake ni kubwa na safi kupita kiasi, na hutazamwa kupitia madirisha tu, ukiwa ndani, penye viti. Ni mbali na Kyoto. Kwa watoto acha Ryoan-ji kabisa. Wapeleke Koraku-en ya Okayama, yenye nyasi pana, korongo weupe wenye utosi mwekundu na samaki wa kulishwa chakula kinachouzwa humohumo.

Siku ya kuondoka, mizigo iache kwenye makabati ya sarafu stesheni, maana bustani haziingizi masanduku. Kama ndege yako inatoka Tokyo usiku, Hama-rikyu iko mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Shimbashi, na hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini uwe umeingia nusu saa kabla.